Nani Avune Shamba la Hei Lisilokatwa?



Nimeitwa kuzungumzia hei, na bila shaka walioniita walitarajia nieleze namna ya kukata. Hayo mmeshayasikia. Vijitabu vya ugani vimeyaandika vizuri: kata nyasi zinapoanza kuchanua, acha kisiki cha sentimita kumi, anika, geuza, sindilia kwenye sanduku la mbao, funga kamba, panga ghalani. Mimi nataka kuuzungumzia mwaka ambao hakuna kitakachokatwa. Mwaka huo vijitabu vinauruka, na wenye mashamba nao huumaliza kwa neno moja: "Nimelipumzisha." Ukiuliza limepumzishwa vipi, unajibiwa kwamba limeachwa tu.

Sababu za kuacha hazina aibu. Mtakumbuka kiangazi cha mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022, ng'ombe walivyolala chini Simanjiro, Longido na Monduli wasiinuke tena. Mwaka kama ule robota la hei linagombewa kabla halijashuka garini, na mtu mwenye akili anatafuta mbegu apande. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño, nyasi zikaota hadi kwenye mitaro ya barabara, na mwenye hei akabaki akiitazama, maana hakuna anayenunua kitu kinachoota bure nyuma ya nyumba yake. Wapo wasiokata kwa sababu trekta la kukodi limekwenda kwa mwingine, na litakaporudi nyasi zimeshakuwa fimbo. Wapo waliofiwa, wapo waliougua. Wapo wenzetu wa pwani, ambao nyasi zao hufika umri wa kukatwa Aprili na Mei, katikati ya masika, wakati hakuna jua la kukausha hata kanga. Hei inatakiwa ifungwe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 15 hivi. Ikifungwa mbichi inaota ukungu, inachemka kwa ndani, na rundo kubwa linaweza kuwaka lenyewe. Mtu wa pwani anayeacha kukata ili asifunge uozo amepiga hesabu sahihi.

Ninachokipinga ni ile dhana kwamba shamba lisilokatwa halivunwi. Linavunwa. Lisipovunwa na fyekeo lako litavunwa na mchwa, na panya, na kwelea kwelea, na ng'ombe wa mpita njia, au na moto wa Septemba, na kila mmoja kati ya hao ana namna yake ya kuliacha. Kuamua nani avune ni haki yako mwenye shamba, lakini uamuzi huo una tarehe ya mwisho, na tarehe yenyewe ni kabla nyasi hazijachanua. Ukiichelewa, unachagua katika yaliyobaki.

Nchi yetu haina mvua ya namna moja, kwa hiyo niseme ninazungumzia wapi. Mfano wangu mkubwa ni Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walifyeka pori pale ili walime karanga kwa matrekta; udongo ukikauka ulikuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe yao, mvua zikawakatalia, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Ardhi iliyowashinda watu wa karanga ikaonekana inawafaa watu wa ng'ombe, na hadi leo pale kuna ranchi ya taifa na kituo cha utafiti wa malisho. Mvua ya Kongwa ni takriban milimita 500, yote katika msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni vumbi hadi Novemba. Kule ukikosa kukata, umekosa mwaka mzima. Vikuge, wilayani Kibaha, kwenye shamba la serikali la mbegu za malisho, kuna vuli na masika: aliyeshindwa na masika ana nafasi nyingine. Uasin Gishu, kule Kenya wanakolima nyasi za boma rhodes, mvua ni ndefu, na aliyekosa mkato wa kwanza bado anautazamia wa pili. Nitakayoyasema kwa miezi ya Kongwa myahamishe wenyewe kwenye miezi yenu.

Tuanze na nyasi zenyewe. Katika wiki za mwanzo wa mvua, nyasi ni majani matupu. Jani changa la rhodes linaweza kuwa na protini asilimia 17. Likizeeka linashuka hadi asilimia 3. Ng'ombe hasagi nyasi peke yake. Ana vijidudu kwenye rumeni, lile tumbo kubwa, na hivyo ndivyo vinavyoifanya kazi. Vijidudu hivyo vinahitaji chakula chenye protini ya asilimia 7 hivi. Ikipungua hapo, kazi inalegea, chakula kinakaa tumboni bila kuondoka, na kwa kuwa tumbo limejaa ng'ombe haongezi. Ndiyo maana Oktoba unamwona mnyama amesimama katika nyasi zinazomfika kifuani huku mbavu zake zinahesabika. Mgeni anadhani ni ugonjwa.

Ile protini imekwenda wapi? Nyingine imepanda kwenye mbegu, nyingine imeanguka na majani yaliyokauka, na nyingine, nayo si ndogo, imeteremka kwenye vitako vya shina na mizizi. Nyasi za kudumu zinajua kiangazi kinakuja, zinahamisha mali yake chini. Hapo ndipo lile neno kupumzisha linapopata ukweli wake. Shamba lililokatwa kila mwaka, tena chini kabisa kwa sababu mwenyewe alikuwa na tamaa ya robota moja zaidi, lina mizizi mifupi na vitako vyembamba. Ukiliacha likue hadi mbegu zikomae, mizizi inashuka, akiba inarudi, na mvua inayofuata utaona machipukizi yanatoka mengi na manene.

Lakini faida hiyo ina mwisho. Mbegu zikishakomaa na majani yakishakauka, mabua yaliyosimama hayaupi mmea kitu chochote tena, na kuanzia hapo yanaanza kuudhuru. Machipukizi mapya hutoka kwenye kitako, pale karibu na udongo, na ili yatoke yanataka mwanga. Nyasi za mwaka jana zikilala juu yake zinakuwa kama paa la makuti: maji yanateleza, mwanga haupiti, na chini yake unakuta udongo mtupu wenye unyevu na ukungu. Mwaka wa kwanza unaona vipara vidogo. Mwaka wa pili vipara vinaungana. Katika vipara hivyo hazioti nyasi. Unaota mkulagembe, inaota migunga, na kuanzia Arusha linaota gugu karoti, ambalo mmea mmoja tu unatoa maelfu ya mbegu na ambalo ukilishika kwa mikono mitupu ngozi inawasha. Mche wa mkulagembe wa mwaka mmoja unaung'oa kwa mikono miwili baada ya mvua. Wa miaka mitatu unataka shoka, nao ukiukata unachipua kwenye mizizi na kurudi vichaka vitano.

Sasa tufike kwenye hesabu ya rutuba. Chukua hekta moja iliyotoa tani 5 za hei katika mwaka mzuri. Kwa marobota ya kilo 15 ni kama 330. Ikiwa hei hiyo ina protini asilimia 8, basi umebeba shambani kilo 64 za naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo umepakia garini karibu mifuko mitatu ya urea. Potasiamu ndiyo inayotisha zaidi, kwa sababu nyasi zina potasiamu nyingi, kati ya asilimia 1.5 na 2: hapo ni kilo 75 hadi 100 zimeondoka. Fosforasi ni kama kilo 10. Anayelisha ng'ombe wake mwenyewe hei hiyo na kurudisha samadi shambani anarejesha sehemu kubwa ya mali hiyo. Anayeuza Dar es Salaam ameuza udongo wa Kongwa, na ninawaona watu wakifanya hivyo miaka sita mfululizo wakishangaa marobota yanavyopungua, wakilaumu mbegu.

Kwa hiyo mwaka usiokatwa ni mwaka ambao mali hiyo inabaki nyumbani, na hilo ni jambo jema. Ila kubaki nyumbani hakumaanishi nyasi zitaipata kesho asubuhi. Mabua makavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Yakianza kuoza mvua zinapoanza, vijidudu vya udongo vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni iliyopo udongoni kwa matumizi yake, na nyasi changa zinabaki na rangi ya njano kwa wiki kadhaa. Mwenye shamba akiona njano hiyo anakimbilia dukani akidhani ni ugonjwa, kumbe ni njaa ya muda. Samadi iliyooza vizuri, ikitandazwa kabla ya mvua, inaipunguza sana. Anayeweza kununua mfuko mmoja wa urea autie wakati machipukizi yamefika kiganja, udongo ukiwa na unyevu.

Naja sasa kwenye uamuzi wenyewe. Kwa Kongwa ni Februari. Nyasi ziko magotini, bado hazijatoa kichwa, na wewe unajua, au unahisi, kwamba mwaka huu hukati. Ingia shambani. Usilitazame ukiwa kwenye pikipiki. Tazama vitako: ni vinene au vimechoka? Kuna vipara? Kuna magugu gani, na yamefika wapi? Shamba lilipandwa mwaka jana tu, au lina miaka minane? Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayokwambia umpe nani.

Shamba changa, la mwaka mmoja, ndilo lenye jibu rahisi. Liache. Nyasi zilizopandwa juzi zinahitaji kudondosha mbegu ili zizibe nafasi zilizobaki wazi, na rhodes itatambaza matawi yake na kushika udongo katikati ya mistari. Wanaolikata shamba changa kwa pupa mwaka wa kwanza wanalipia kwa miaka yote inayofuata. Kazi yako humo ni moja: ng'oa magugu kabla hayajazaa. Unapoziachia nyasi zizae umeyaachia magugu nayo ruhusa hiyohiyo, na mbegu za gugu karoti hazisubiri kuambiwa.

Ukitaka mbegu za kuvuna na kuuza au kupandia shamba lingine, unaingia kazi ya subira. Mbegu za nyasi za rhodes na za bafeli hazikomai siku moja. Kichwa kimoja kimeshaanza kupukutika wakati jirani yake bado kijani. Kwa shamba dogo, njia nzuri ni kupita na mfuko na kuvikung'uta vichwa kwa mkono, ukirudia kila baada ya siku chache. Zianike kivulini, kwenye turubai, zigeuzwe. Kisha msizipande mwezi unaofuata mkaanza kulalamika: mbegu mbichi ya rhodes huwa imelala, inahitaji miezi kadhaa ya kukaa ghalani kabla haijakubali kuota. Na kwelea kwelea wanazipenda mbegu za nyasi kuliko mtama wenu. Mtama wanaurudia nyasi zikiisha, jambo ambalo mlinzi wa ndege analijua vizuri.

Kundi kubwa la waliopo hapa, nadhani, halitavuna mbegu. Litaacha nyasi zisimame ili zije ziliwe kiangazi, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana kuna watu walioijua kazi hii kabla hatujaiandikia vitabu.

Wasukuma wana ngitili. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, kipande cha ardhi kinafungwa. Hakichungwi, hakikatwi. Nyasi zinakua, zinachanua, zinakauka zikiwa zimesimama, na chini ya miti kunabaki ubichi. Julai au Agosti, malisho ya kawaida yakiisha, kinafunguliwa. Hakifunguliwi chote. Wanakula upande mmoja hadi uishe ndipo waufungue wa pili, na wanaotangulia kuingia ni wenye haki ya kutangulia: ndama, wagonjwa, wanaonyonyesha, na maksai ambao baada ya miezi michache watavuta jembe. Kuna ngitili za familia na kuna za kijiji. Sheria zake zilipangwa kwenye dagashida, mkutano wa jamii, na sungusungu, walinzi wa jadi, walizisimamia, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya siku alitozwa faini bila kuandikiwa barua.

Ngitili nyingi ziliharibika katika miongo ambayo watu walihamishiwa vijijini na pamba ikaenea. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Watu wengi wanausifu kwa kupanda miti. Mimi nausifu kwa kuacha kupanda: waliokuwa na busara ndani ya mradi waliona kwamba ngitili ikifungwa na kulindwa inajirudishia miti na nyasi yenyewe, wakawarudishia wenyeji madaraka ya kuzifunga. Kufikia mwisho wa mradi zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi katika hali ya ngitili. Wamasai nao wana alalili, eneo linalotengwa karibu na boma, hasa kwa ajili ya ndama. Ukizitazama mila hizi mbili utagundua kwamba hakuna kilichoachwa tu. Kuna siku ya kufunga, siku ya kufungua, nani aingie kwanza, na nani alinde. Mwenye shamba la hei la ekari kumi ambaye hana majibu manne kama hayo ameacha mali yake njia panda.

Kwa hiyo ligawe shamba lako. Kata vipande vitatu au vinne kwa seng'enge, au kwa matawi ya miiba kama huna fedha. Kipande cha kwanza kiliwe mapema, Machi, nyasi zikiwa bado na nguvu, kwa siku chache tu, kisha kifungwe: machipukizi yatakayotoka humo mwisho wa mvua yatakuwa madogo lakini yenye protini zaidi kuliko mabua ya pembeni. Hiki ndicho utakachowawekea ndama Agosti. Vipande vingine vibaki. Na anayewafungulia ng'ombe mabua ya Septemba bila kuwapa kitu kingine anawajaza matumbo tu. Tuko Dodoma, mashudu ya alizeti yanatoka mlangoni mwetu na mlangoni mwa Singida, kilo moja kwa siku kwa ng'ombe mzima inaamsha vile vijidudu vya rumeni na yale mabua yanaanza kuyeyuka. Majani ya mti wa lukina yanafaa pia. Mwenye nguvu ya kukata sehemu ya mabua hayo makavu anaweza kuyatibu kwa urea: kilo 4 hadi 5 zilizoyeyushwa katika maji lita 50 hivi kwa kilo 100 za mabua, yafunikwe kwa plastiki yasiingie hewa, wiki tatu. Urea yenyewe iwekwe mbali na mifugo. Ng'ombe akiilamba mfukoni hamtawahi kumwita daktari.

Kabla ya kuingiza ng'ombe wapeleke josho. Wengine wanadhani shamba lililofungwa msimu mzima halina kupe kwa kuwa hakuna mnyama aliyepita. Kupe wachanga wanaweza kuvumilia miezi mingi bila kula, na nyasi ndefu zenye kivuli na unyevu ndizo nyumba yao. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, imeua ndama wengi ndani ya malisho yaliyosifiwa kwa uzuri. Kuhusu panya sina mengi: nyasi ndefu zinawafuga, na watakapomaliza mbegu zako wataingia kwenye mahindi ya jirani, ambaye atajua wametoka wapi. Mpakani mwa shamba la jirani fyeka mita kadhaa ziwe fupi. Ni adabu.

Sasa moto. Najua hapa tutagombana.

Wapo wanaosema choma kila mwaka, majani mapya yatoke. Wapo wanaosema usichome kamwe. Wote wawili wanazungumza kana kwamba moto ni wa aina moja. Hekta yenye tani 5 za mabua makavu bado ina naitrojeni ya kilo 30 hivi. Ukiichoma, karibu yote inapanda angani pamoja na salfa. Potasiamu na fosforasi zinabaki kwenye majivu, na majivu ya Septemba yanakaa wazi miezi miwili yakipeperushwa na upepo, kisha mvua ya kwanza ya Novemba, ile ya ngurumo, inayasomba yaliyobaki hadi korongoni. Aliyechoma Septemba alikuwa na rutuba ya bure akaitoa sadaka bila nia. Kwa upande mwingine, shamba ambalo miche ya mkulagembe imeshalishika halitasafishwa kwa maombi. Moto mkali, mara moja baada ya miaka kadhaa, karibu kabisa na mvua, udongo ukikaribia kupata unyevu, unaua miche midogo na kuondoa yale mabua mazito, na nyasi zenye vitako vizuri zinarudi. Msimamo wangu ni huu: choma kwa sababu unayoweza kuitaja, kwa kipande, na majirani na uongozi wa kijiji wakijua siku. Usiichome nyumba nzima kwa sababu umemwona mende.

Moto usio wako ndio wa kuogopwa zaidi. Shamba lililokatwa haliungui vizuri. Lililosimama ni kuni. Mei, nyasi zikiwa zimekauka nusu, fyeka ukanda wa mita tano hadi kumi kuzunguka shamba lote na nyasi zake uziondoe kabisa. Wanaofyeka wakaziacha zimelala hapohapo wamemtandikia moto mkeka. Wenye ng'ombe wawapitishe kwenye ukanda huo wale hadi chini. Kisha pitisha mikanda mingine ndani ya shamba, kwenye mipaka ya vile vipande vyako, ili moto ukivuka mmoja usiwe umechukua chakula chote cha mwaka. Warina asali na wapita njia wenye sigara hawasomi mabango.

Mwaka umepita, Novemba imefika, mawingu yanajikusanya. Hapa kuna kosa ambalo huonekana baada ya miezi minne. Mabua ya zamani yaliyobaki yamesimama yasipoondolewa kabla ya mvua, nyasi mpya zitapenya katikati yake, na Machi utakapokata, utakata vyote viwili pamoja. Robota litakuwa na mchanganyiko wa kijani na kijivu. Mnunuzi mzoefu analipasua katikati, ananusa, anaona yale mabua meusi yenye ukungu, anarudisha pesa mfukoni. Kwa hiyo mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba ingiza ng'ombe wengi kwa siku chache wayakanyage na kuyalaza, au pitisha fyekeo la trekta kwa urefu wa sentimita kumi na tano. Usikate chini zaidi, vitako vina machipukizi yanayosubiri. Mabua yaliyokatwa yatawanye. Yakibaki mistari minene, chini ya kila mstari utapata kipara. Yakiwa mengi mno hata kutawanyika hayawezi, yasombe uyatandaze chini ya migomba, kwenye bustani, au kwenye zizi yageuke samadi.

Ukianza kufyeka, anzia katikati ya shamba uende nje. Kwale na sungura wapo humo, na anayeanzia pembezoni anawasukuma katikati hadi fyekeo liwafikie. Trekta halipotezi chochote kwa kuzunguka kinyume.

Mvua ikishanyesha na majani mapya yakianza kung'aa, pita shambani kila siku mbili. Kiwavijeshi hula jamii ya nyasi na nafaka, na anapenda majani mororo kuliko makavu, kwa hiyo shamba lako lililosafishwa vizuri ndilo atakalolipenda. Anaonekana mdogo na wa kijani siku za mwanzo. Akishakuwa mweusi na kutembea kwa makundi umeshachelewa. Wakati huohuo tupia macho vile vipara. Kama vimebaki, kwaruza udongo kwa reki na urushie mbegu ulizozikung'uta, zile zilizokwisha kulala vya kutosha. Wanaopenda kuchanganya mikunde wajue kwamba mwaka usiokatwa unaua ile mifupi. Stailo ikifunikwa na nyasi ndefu inakufa kwa kukosa mwanga, lakini siratro na klitoria hupanda juu ya mabua na kuzaa mbegu huko juu. Aliyekusudia kuliacha shamba mwaka mzima apande za kupanda juu.

Kabla sijamaliza, kuna karatasi niliyopewa mlangoni ikiwa na swali ambalo sikulitegemea. Mwandishi anasema amekodi shamba la nyasi kwa mwaka, mwenye shamba anakaa mjini, na mkataba hausemi kitu kuhusu kutokata. Anauliza: akiliacha msimu mmoja kwa faida ya shamba, nani anamlipa?

Kwa mkataba wa mwaka mmoja, hakuna. Mpangaji wa mwaka mmoja atakata kila jani na kuondoka na potasiamu yote, na mimi simlaumu, kwani aliyemfundisha hivyo ni mwenye shamba. Nendeni mkaandikishiane miaka minne au mitano. Mwandike kwamba katika miaka hiyo mmoja hautakatwa, kodi ya mwaka huo ipungue, na mpangaji abaki na haki ya kulisha kiangazi na kuvuna mbegu. Mwandike nani anafyeka ukanda wa moto na nani anamlipa mfyekaji. Mwandike kila mwaka wa kukata zirudishwe toroli ngapi za samadi kwa ekari. Na mwandike uamuzi wa kutokata utolewe kabla ya mwisho wa Februari, na nani ana kauli ya mwisho, kwa sababu mwenye shamba wa mjini hupiga simu Juni, wakati nyasi zimeshageuka kuni.